Sauti Nyuma ya Mgongo: Kuzimu, Jicho na Kosa la Orpheus katika Filamu ya Orfeu Negro

Ikisiri

Filamu ya Orfeu Negro (1959), iliyoongozwa na Marcel Camus, inahamishia kisasili cha Kiyunani cha Orpheus na Eurydice katika kanivali ya Rio de Janeiro. Kwa zaidi ya miaka 60 filamu hiyo imesifiwa kwa muziki na rangi zake, na imelaumiwa kwa kuwapamba Weusi maskini wa Brazili ili wapendeze machoni pa wageni. Makala hii inadai kwamba sifa na lawama hizo zinakutana katika onyesho moja, pale Eurídice anaposema kupitia kinywa cha kikongwe, naye Orfeu akageuka kutazama. Kwa kulisoma onyesho hilo sambamba na matini za kale, tamthilia ya Vinicius de Moraes na dhana ya kiti katika ngoma za pepo za Waswahili, makala inaonyesha kuwa kosa la Orfeu ni kuikataa sauti kwa sababu ya mwili ulioibeba, na kwamba kamera ya filamu hiyo inalirudia kosa hilohilo.

1. Utangulizi

Kisasili cha Orpheus kimejengwa juu ya katazo moja. Mwimbaji aliyefiwa na mkewe anashuka kuzimu, anawalainisha watawala wa wafu kwa wimbo, na anaruhusiwa kumrudisha mkewe kwa sharti kwamba asigeuke nyuma mpaka watakapofika kwenye mwanga. Anageuka. Mkewe anapotea mara ya pili, na safari hii hakuna rufani.

Katazo hilo halibadiliki, lakini sababu ya kulivunja hubadilika kwa kila msimulizi. Virgil, katika kitabu cha nne cha Georgics, anaiita wazimu wa ghafla, na anampa Eurydice nafasi ya kumlaumu mumewe kabla ya kutoweka. Ovid, katika kitabu cha kumi cha Metamorphoses, anataja hofu na hamu ya kumwona. Eurydice wake halalamiki, kwani angelalamikia nini isipokuwa kupendwa? Mapema zaidi ya hao, katika Symposium ya Plato, Phaedrus anadai kwamba miungu ilimwonyesha Orpheus kivuli tu cha mkewe kwa kuwa mwimbaji huyo hakuthubutu kufa kwa ajili ya mapenzi. Kwa hiyo swali ambalo kila usimuliaji mpya hauna budi kulijibu ni hili: Orpheus anageuka kwa nini, na anapogeuka anaona nini?

Sinema ina sababu yake ya kuvutiwa na swali hilo, maana sinema yenyewe ni sanaa ya kutazama. Jean Cocteau, katika Orphée (1950), alilijibu kwa kioo: Orphée anamwona mkewe katika kioo kidogo cha gari, na kutazama huko kwa bahati mbaya kunatosha kumpoteza. Miaka tisa baadaye Camus alitoa jibu lisilo na mzaha huo. Orfeu wake anapogeuka, hamwoni mpenzi wake akififia. Anamwona mtu mwingine kabisa.

2. Kutoka jukwaani hadi kilimani

Orfeu Negro inatokana na tamthilia ya Vinicius de Moraes, Orfeu da Conceição, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Teatro Municipal ya Rio de Janeiro tarehe 25 Septemba 1956. Muziki ulitungwa na Antônio Carlos Jobim, na jukwaa lilibuniwa na Oscar Niemeyer, msanifu wa majengo ya Brasília. Vinicius alikusudia wahusika wote wachezwe na waigizaji Weusi, na baadhi yao walitoka katika Teatro Experimental do Negro, kundi lililoasisiwa na Abdias do Nascimento mwaka 1944. Kuwaweka Weusi mahali pa wahusika wa Kiyunani katika ukumbi wa kifahari kuliko zote mjini lilikuwa tendo la kisiasa, hata kama maneno ya tamthilia yenyewe yalikuwa ya mapenzi.

Camus, akishirikiana na Jacques Viot katika kuandika muswada, alibadilisha mambo matatu ya msingi. Kwanza, katika tamthilia Eurídice anauawa na Aristeu, mfuga nyuki mwenye wivu; katika filamu Aristeu ameondolewa na nafasi yake imechukuliwa na mtu aliyevaa vazi la kiunzi cha mifupa, Kifo mwenyewe, anayemfuata Eurídice tangu alikotoka. Pili, katika filamu Orfeu ana mkono katika kifo hicho. Tatu, kuzimu ya tamthilia ni klabu ya dansi inayotawaliwa na Plutão na Prosérpina. Kuzimu ya filamu ni ofisi ya serikali, na chini yake ni nyumba ya ibada. Mabadiliko haya hayakuwa ya mapambo. Yanahamisha chanzo cha msiba kutoka katika wivu wa mtu mmoja na kukiweka katika mji wenyewe na katika namna watu wanavyotazamana.

Jina la filamu nalo lilikuwa na historia. Mwaka 1948 Jean-Paul Sartre aliandika utangulizi wa diwani ya mashairi iliyokusanywa na Léopold Sédar Senghor, akauita kwa Kifaransa «Orphée noir», yaani Orpheus Mweusi. Humo alimlinganisha mshairi Mweusi anayeshuka ndani ya nafsi yake na Orpheus anayeshuka kuzimu. Mwaka 1957 jarida la fasihi lenye jina hilo, Black Orpheus, lilianza kutolewa Ibadan, Nigeria. Kufikia 1959, basi, jina hilo lilikwisha kubeba ahadi: kwamba Mweusi angekuwa mwimbaji wa kisa chake mwenyewe. Ni kwa kipimo cha ahadi hiyo, zaidi ya kipimo cha uaminifu kwa Ovid, kwamba filamu ya Camus inapaswa kuhukumiwa.

3. Swichi: kifo mkononi mwa mpenzi

Msuko wa filamu unaenda mbio. Eurídice anawasili Rio kwa kivuko siku moja kabla ya kanivali, akimkimbia mtu anayetaka kumuua, ili ajifiche kwa binamu yake Serafina kilimani. Anapanda tramu inayoendeshwa na Orfeu. Orfeu ni mchumba wa Mira, na wanapokwenda kuandikisha ndoa, karani anaposikia jina la bwana harusi anatania kwamba bibi harusi bila shaka ni Eurídice. Mira anakasirika. Mtazamaji anacheka, kisha anatambua kwamba karani amesoma hukumu bila kujua. Orfeu mwenyewe huwaambia watoto wa kilimani kwamba palikuwa na Orfeu kabla yake na huenda pakawa na mwingine baada yake. Wahusika hawa wanaishi ndani ya kisa kilichokwisha kusimuliwa.

Usiku wa kanivali Eurídice anacheza akiwa amejifunika mtandio katika vazi la Serafina. Mira anamgundua na kumfunua. Waswahili husema macho hayana pazia. Hapa pazia ndilo lililokuwa limemlinda, na kufunuliwa kwake ni kuonekana na Kifo. Anakimbilia karakana ya tramu, anapanda juu kumkwepa anayemfuata, na ananing'inia kwenye waya. Orfeu anaingia gizani akimtafuta. Ili aone, anawasha umeme. Mkondo unapita katika waya na Eurídice anakufa.

Onyesho hili ndilo la kugeuka la kwanza. Kabla hajapewa katazo lolote, Orfeu amekwisha kuua kwa hamu ya kuona. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusikia jozi ya vitenzi ambayo lugha yake inamwekea tayari: Orfeu amewasha taa na amezima uhai. Bila kudai kwamba zima na kuzimu vimetoka katika shina moja, inatosha kusema kwamba sikio linaviweka pamoja, na kwamba filamu inafanya jambo linalolingana na hilo kwa picha, kwa kuwa mwanga unaofichua mahali alipo mpenzi ndio unaompeleka gizani. Katika Ovid mwanga ni mwisho wa safari, mahali pa usalama. Kwa Camus mwanga si salama hata kidogo. Kutazama kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo ina gharama ambayo mtazamaji hailipi yeye.

4. Kuzimu ya karatasi

Baada ya kifo hicho Orfeu haamini kwamba Eurídice hayupo. Anakwenda katika ofisi ya watu waliopotea. Ni usiku, jengo ni tupu, na vyumba vimejaa marundo ya karatasi. Mfagiaji anamweleza kwamba humo hamna watu. Mna karatasi tu, na hakuna aliyewahi kumpata mtu katika karatasi.

Wahakiki wengi hupita haraka kwenye sehemu hii wakikimbilia ngoma na rangi. Hata hivyo, hapa ndipo filamu inaposema kwa ukali zaidi kuhusu Brazili ya wakati wake. Ni Brazili ya rais Juscelino Kubitschek, nchi iliyokuwa ikijenga mji mkuu mpya, Brasília, uliozinduliwa tarehe 21 Aprili 1960. Katika picha za mwanzo mji wa Rio unang'aa kwa majengo ya kisasa. Ndani ya jengo la usiku mtazamaji anaonyeshwa dola hiyo ya kisasa inavyowahifadhi maskini wake: inawaandika, inawapanga, inawasahau. Hades wa Kiyunani aliwafahamu wafu wake na aliweza kumrudisha mmoja. Ofisi hii haimrudishi mtu kwa sababu haijapata kumwona mtu, imeona jina.

Mfagiaji ndiye mtu pekee katika jengo hilo anayejua kwamba halina faida kwa wanaolihitaji. Anamwongoza Orfeu kushuka ngazi zinazozunguka kama konokono, kamera ikizitazama kutoka juu, mpaka kwenye nyumba ambayo lango lake linalindwa na mbwa aitwaye Cerbero, jina la mlinzi wa kuzimu ya Wayunani. Kuna mantiki katika safari hiyo. Orfeu anatoka mahali ambapo wafu ni maandishi na anaingia mahali ambapo wafu ni sauti. Kwa wasomi wa fasihi ya Kiswahili, waliozoea mjadala wa maandishi na simulizi, mpito huu una uzito: filamu inakiri kwamba kumbukumbu ya watu hawa haimo katika hifadhi ya nyaraka, na kwamba anayeitaka hana budi kwenda ngomani.

5. Kikongwe na kiti

Nyumba hiyo ni ya ibada ya Makumba, jina la jumla linalotumika Rio kwa ibada zenye asili ya Kiafrika zilizochanganyika na Ukatoliki na imani nyingine. Waumini wamevaa meupe, ngoma zinalia, nyimbo zinaitikiwa, moshi umetanda. Orfeu anaambiwa amwite Eurídice kwa wimbo. Anaimba, na sauti ya Eurídice inasikika nyuma yake. Inamsihi asigeuke. Anageuka, na anamkuta kikongwe aliyepandwa na roho. Anahisi amedanganywa. Sauti inaaga na kunyamaza.

Tafsiri ya kawaida husema kwamba Orfeu amekosa subira kama Orpheus wote waliomtangulia. Tafsiri hiyo haitoshi. Katika Ovid, anayegeuka anamwona aliyemtaka, na kumwona ndiko kumpoteza. Hapa Orfeu hamwoni aliyemtaka. Mashaka yake yanahusu mwili ulioibeba sauti: kama sauti ni ya Eurídice, basi mwili nao uwe wa Eurídice, la sivyo ni uongo. Hapa panakumbukwa kivuli cha Plato, ila mambo yamepinduliwa. Phaedrus alidai kwamba Orpheus alipewa umbo lisilo na mtu ndani yake. Orfeu amepewa mtu kamili, sauti na jina na mapenzi, katika umbo asilolitaka.

Ibada zenyewe zina msamiati wa jambo hili. Nchini Brazili mtu anayepandwa huitwa kwa neno la Kireno lenye maana ya farasi, yaani anayepandwa na kuelekezwa. Katika ngoma za pepo za pwani ya Afrika Mashariki huitwa kiti, na pepo husemwa kuwa amepanda kichwani. Ulinganisho huu haudai kwamba Rio na Zanzibar zina ibada moja. Unaonyesha kwamba palipo na ibada ya namna hii pana pia adabu ya kusikiliza. Anayezungumza na aliyekalia kiti hakichunguzi kiti. Humsalimu mgeni kwa jina lake, humwuliza alitakalo, humjibu. Aliyekuja ngomani akashangaa kwamba pepo wa kiume anasema kwa kinywa cha mwanamke hajaingia ngomani bado, amesimama mlangoni.

Kwa kipimo hicho, Orfeu anavunja katazo la Kiyunani na adabu ya mahali hapo kwa tendo moja. Ndiyo nguvu kubwa ya usimuliaji huu. Camus amepata mazingira ambamo sharti la kale lina maana hai: usigeuke, kwa sababu ukigeuka utaanza kuhukumu kwa macho jambo linalojulikana kwa masikio. Mwimbaji, mtu ambaye watoto wanaamini gitaa lake ndilo linalochomoza jua, anashindwa kuiamini sauti.

Lakini onyesho hilohilo lina upungufu ambao hauwezi kufichwa na nguvu hiyo. Roho inapoondoka, kikongwe anabaki, na filamu haina habari naye tena. Hana jina, hana historia, hana neno lake mwenyewe. Kwa muda mfupi amebeba mzigo mzito kuliko wote katika kisa, kisha ameachwa kama kiti kilichosimamiwa na mwenye kukikalia. Orfeu anamtazama kwa ghadhabu kwa sababu si kijana na si mzuri. Kamera nayo inamtazama kwa sababu hiyohiyo, kumshtua mtazamaji, na inapokwisha kumshtua inaondoka. Kosa ambalo filamu inamsomea Orfeu, filamu yenyewe inalitenda.

6. Jicho la kamera

Kutoka hapo lawama zinazotolewa dhidi ya Orfeu Negro zinaeleweka vizuri zaidi. Picha ya kwanza ya filamu ni nakshi ya Kiyunani ya marumaru nyeupe, ambayo ghafla inapasuka na kuwafunua watu Weusi wakicheza ngoma. Picha hiyo inaweza kusomwa kama ukombozi: marumaru imevunjika, uhai umeingia. Inaweza pia kusomwa kama ugawaji wa kazi, Ulaya ikipewa umbo na fikra, Mwafrika akipewa mwili na mdundo. Sehemu kubwa ya filamu inaelekea usomaji wa pili. Mitaa ya mabanda juu ya kilima ina mandhari ya ghuba ambayo tajiri angeitamani. Njaa inatajwa kwa utani. Watu wanacheza wanapofanya kazi, wanapogombana na wanapolala. Robert Stam, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu rangi na utamaduni katika sinema ya Brazili, ameilinganisha filamu na tamthilia na kuuhoji upambaji huo.

Ushahidi wa kina zaidi umo katika kitabu cha kumbukumbu cha Barack Obama kilichotoka mwaka 1995. Anasimulia kwamba alipokwenda na mama yake kuitazama filamu hiyo New York, katikati ya onyesho alichoshwa na Weusi wake waliofanana na watoto, akageuka kumtazama mama yake ili amwambie waondoke. Alimkuta mama akiwa amezama, uso ukimulikwa na mwanga wa skrini, na akahisi kwamba ameonyeshwa ndoto ya ujana iliyompeleka mwanamke huyo Mzungu kwa mwanamume kutoka Kenya. Mtoto wa ndoa hiyo amegeuka ukumbini kama Orfeu alivyogeuka ngomani, na ameona kitu asichokitarajia. Tofauti ni kwamba yeye alichokiona alikifikiria kwa miaka na kukiandika. Alimruhusu mama yake awe mtu mwenye hamu zake mwenyewe, jambo ambalo Orfeu hamruhusu kikongwe.

Haki inadai kusema pia upande wa pili. Filamu ilipata Palme d'Or mjini Cannes mwaka 1959 na tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni iliyotolewa mwaka 1960, na kwa njia hiyo nyimbo za Jobim na Luiz Bonfá zilienea ulimwenguni. Breno Mello, aliyecheza Orfeu, alikuwa mchezaji wa kandanda, na Kifo alichezwa na Adhemar Ferreira da Silva, bingwa wa Olimpiki wa kuruka hatua tatu wa 1952 na 1956. Kwa watazamaji wengi wa wakati huo, kuwaona Weusi wakibeba mapenzi makuu na msiba mkuu bila Mzungu wa kuwaeleza lilikuwa jambo geni. Uzuri huo haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa ukweli uliokatwa kipande, na kipande kilichokatwa ni kile ambacho mfagiaji na kikongwe walikuwa wanakijua.

Carlos Diegues alijaribu kukirudisha kipande hicho katika Orfeu (1999), filamu iliyorejea kwenye tamthilia ya Vinicius na kuweka kisa katika mtaa wa mabanda unaotawaliwa na wauza dawa za kulevya na kuvamiwa na polisi. Kuzimu yake ni korongo la kutupia maiti. Usahihi wa kijamii umeongezeka. Hata hivyo, kwa kuiondoa kuzimu ya sauti na kubakiza kuzimu ya miili, filamu hiyo imepoteza swali zito zaidi la Camus. Katika korongo hakuna anayesema, kwa hiyo hakuna anayejaribiwa kusikiliza.

7. Hitimisho

Mwisho wa Orfeu Negro unajulikana. Orfeu anauchukua mwili wa Eurídice kutoka chumba cha maiti na kupanda nao kilimani alfajiri. Mira, kwa hasira, anamrushia jiwe, na wapenzi wanaanguka pamoja gengeni, kama Orpheus wa kale alivyouawa na wanawake wa Thrace. Kisha mtoto Benedito anamhimiza mwenzake Zeca apige gitaa upesi ili jua lichomoze. Zeca anapiga, jua linachomoza, na msichana mdogo anamwambia kwamba sasa yeye ndiye Orfeu. Watatu hao wanacheza.

Wapenzi wa filamu huona hapa ushindi wa muziki. Wapinzani huona furaha ile ile ya bei rahisi. Kwa mujibu wa usomaji huu, onyesho hilo linabaki wazi, na uwazi huo ndio unaolipa uzito. Zeca amerithi gitaa na jina, na pamoja navyo amerithi kisa. Iko siku sauti itamwita nyuma ya mgongo wake kutoka katika mwili asioutarajia. Filamu imemfundisha mtazamaji jinsi ya kutazama jua likichomoza. Haikumfundisha jinsi ya kukaa na kikongwe mpaka amalize kusema, ingawa ilimweka mbele yake na ikampa sauti bora kuliko zote. Uhakiki wa Orfeu Negro unaoishia kwenye sifa za jua, au kwenye lawama za jua hilo, unaondoka ngomani pamoja na Orfeu. Kazi iliyobaki ni kurudi ndani, mahali ambapo kikongwe bado ameketi, na kumwuliza jina lake.